Maswali Yenu: Gitaa la Seti na Hewa ya Ziwa

Barua nyingi za toleo hili zimetoka kandokando ya Ziwa Victoria, na karibu zote zinahusu jambo moja: gitaa la umeme linalonunuliwa likiwa vipande ndani ya boksi. Mwili umeshachongwa, shingo imeshapigwa freti (vile vyuma vyembamba vinavyoikata kwa upana), na mnunuzi ameachiwa kazi ya kuunganisha, kupaka na kuliweka sawa mpaka lipigike. Wengi wameuliza rangi. Sisi tumeanza na vipimo makusudi, kwa kuwa rangi ikiharibika inasuguliwa na kurudiwa, lakini tundu likishatobolewa pasipo pake utahangaika nalo mpaka mwisho. Barua tumezifupisha.

Rangi kwanza au kuunganisha kwanza?

*Shikamoo fundi. Nimepokea seti ya gitaa la nyuzi sita, shingo yake ni ya kufunga kwa skrubu nne. Rafiki yangu ananishauri nipake rangi kwanza ndipo niunganishe, skrubu zisije zikakwaruza rangi. Ni sawa? (Msomaji, Igoma)*

Marahaba. Rafiki yako ana nia njema, ila fanya kinyume chake. Unganisha gitaa zima likiwa mbao tupu, funga walau nyuzi mbili za pembeni, hakikisha kila kitu kimekaa, kisha ulifungue lote ndipo upake. Ni kazi mara mbili, lakini ndiyo inayookoa seti.

Kabla ya chochote, iache mbao itulie chumbani wiki mbili, isikae stoo chini ya bati wala juani. Shingo iliyotoka kwenye hewa nyingine huweza kupinda kidogo inapozoea unyevu wa huku.

Ingiza shingo kwenye mfuko wake mwilini bila skrubu. Inatakiwa iingie kwa kusukumwa na mkono tu. Ikigoma, usigonge kwa nyundo. Tafuta palipobana, pasugue kwa msasa namba 180 uliozungushiwa kipande cha mbao bapa. Ikilegea, gandisha vinia nyembamba kwenye ukuta wa mfuko. Karatasi ya boksi haifai, inabonyea na shingo inahama.

Sasa chukua uzi wa kushonea. Vuta mmoja kutoka mfereji wa uzi mnene pale juu kwenye kizingiti (kipande chenye mifereji kichwani mwa shingo) hadi kwenye kitandiko chake cha darajani (kipande ambacho uzi unakalia upande wa mwili), na wa pili upande wa uzi mwembamba. Angalia kwenye freti ya mwisho: kutoka uzi hadi ukingo wa shingo pawe na nafasi sawa pande zote mbili, kiasi cha milimita 3. Ukikuta upande mmoja 1.5 na mwingine 4.5, shingo imekaa mshazari, igeuze kidogo mfukoni mpaka ilingane. Hapo ndipo unapobana kwa klampu na kutia alama za matundu.

Urefu wa uzi pima hivi: kutoka ukingo wa kizingiti unaotazama freti hadi katikati ya freti ya 12, kisha zidisha mara mbili. Seti za mtindo wa Stratocaster na Telecaster hutoa milimita 324, yaani urefu wa 648. Za mtindo wa Les Paul huwa karibu na 314, yaani 628. Kama daraja halijatobolewa kiwandani, liweke ili kitandiko cha uzi mwembamba kiangukie kwenye urefu huo, 648 au 628, kikiwa kimesogezwa mbele karibu mwisho wa skrubu yake. Vitandiko vyote vitahitaji kurudi nyuma baadaye, na cha uzi mnene kitaishia milimita 3 hadi 5 nyuma ya cha uzi mwembamba. Wanaoliweka daraja vitandiko vikiwa katikati hujikuta uzi mnene umeishiwa nafasi.

Skrubu za shingo zenye unene wa milimita 4 hivi zitobolee kwa biti ya 3. Piga hesabu ya kina kabla ya kuwasha drili: mwili una unene wa milimita 44, mfuko una kina cha 16, kwa hiyo skrubu inapita mbao ya 28 na bamba la 2 kabla ya kugusa shingo. Ya urefu wa 45 itaingia shingoni 15 hivi. Zungushia tepu kwenye biti kuonyesha pa kuishia. Wapo waliotokeza na biti upande wa pili, katikati ya freti.

Skrubu ndogo za funguo za kukazia nyuzi ndizo zinazoliza watu. Ni za chuma laini. Ukizilazimisha zinakatika kichwa na kubaki ndani. Toboa kwa biti ya 1.5 na zipitishe kwenye mshumaa kwanza. Mshumaa ni bora kuliko sabuni, maana sabuni huvuta unyevu na skrubu hushika kutu.

Ukishalifungua, kila kundi la skrubu liweke kwenye mfuko wake wa nailoni na uandike ni za wapi.

Laka imegeuka nyeupe

*Fundi habari. Nimenunua laka ya NC, ile wanayopulizia mafundi fanicha, nikapuliza mwili wa gitaa asubuhi mvua ilipokatika. Baada ya dakika chache ikapauka kama imemwagiwa maziwa. Nimesugua kwa msasa, nikarudia jioni, imekuwa vilevile. Laka ni feki? (Msomaji, Kirumba)*

Huenda laka ni nzima kabisa. Ulichokiona ni maji. Thina inapokauka haraka huupoza uso wa mbao, na hewa yenye unyevu mwingi ikigusa uso ule uliopoa huacha umande mwembamba sana. Laka inafunga juu yake, maji yananaswa ndani, na mwanga unatawanyika badala ya kupita. Asubuhi baada ya mvua, umbali mfupi kutoka majini, ni saa mbaya kuliko zote. Jioni nayo ni hivyohivyo, kwa sababu hewa inapoa na unyevu wake unapanda.

Usiendelee kusugua. Subiri siku kavu yenye jua, kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Nunua thina inayokauka polepole. Duka la rangi za magari litakuelewa ukisema hivyo. Puliza tabaka jepesi la thina hiyo, au laka iliyochanganywa nayo kwa wingi, juu ya sehemu iliyopauka. Laka ya NC hulainika upya ikikutana na thina yake, hivyo unyevu unapata njia ya kutoka na weupe hupotea mbele ya macho yako. Thina ya bei ya chini kabisa mara nyingi ndiyo inayokauka kwa kasi zaidi, na kwa Mwanza hiyo ni hasara.

Kama ratiba ni yako, Juni hadi Agosti ndiyo miezi ya kupuliza laka huku. Kwenye vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei, fanya kazi ya mbao, waya na freti, na laka ingoje mwanya.

Mpangilio wenyewe uwe hivi. Msasa 120 kama kuna makovu, kisha 180, 240, na 320 wa mwisho, daima kwa kufuata mkondo wa nyuzi za mbao. Baada ya 240 futa kwa kitambaa chenye maji kidogo, acha ikauke na vinyweleo visimame, ndipo upite na 320. Sila, ile ya kuziba vitundu vya mbao, tabaka mbili au tatu, sugua tena kwa 320. Halafu laka tabaka nyembamba nane hadi kumi, zisizidi tatu kwa siku, kila moja ikipewa saa moja au zaidi. Tabaka nene halikupunguzii kazi. Linakauka juu, chini linabaki bichi, na wiki kadhaa baadaye linazama na kuonyesha kila kitundu cha mbao.

Mfuko wa shingo uzibe kwa masking tepu tangu sila ya kwanza. Tabaka kumi za laka kwenye kuta zake zinatosha kuizuia shingo isiingie, na ukiilazimisha laka inapasuka kuanzia pembeni. Kwa kushikia, funga kipande cha mbao mfukoni kwa skrubu zilezile za shingo. Ndicho mpini wa kupulizia na ndicho utakachoning'inizia.

Kisha wapo wadudu wadogo wa ziwani, wale wanaopanda kutoka majini kwa makundi makubwa na kufuata taa. Maliza kupuliza mapema ili laka iwe imekauka juu kabla giza halijaingia, usiwashe taa karibu na kazi, na zungushia chandarua bila kuigusa. Mdudu akishatua kwenye laka mbichi mwache. Ukimtoa kwa kidole unachimba shimo; akikauka atatoka kwa msasa 600 na alama ndogo itafunikwa na tabaka linalofuata.

Ikiisha, subiri wiki tatu hadi nne. Kipimo ni pua: sogeza uso kwenye mwili wa gitaa, ukisikia harufu ya thina bado haijaiva. Ikiiva sugua na maji kwa 800, 1000, 1500 na 2000, halafu ng'arisha kwa dawa ya kupolishia magari. Kwenye kingo pita kwa wepesi sana, huko laka huwa nyembamba na ndiko mbao inakotokeza kwanza. Karibu na matundu ya skrubu sugua kavu. Maji yakiingia mbao inavimba na laka inapasuka kuzunguka tundu.

Mvuke wa laka hii unashika moto kwa urahisi, kwa hiyo jiko la mkaa liwe mbali, hata la jirani. Na ile laka ya magari ya kuchanganya na hadena hatuishauri nyumbani kabisa. Ni ngumu na inang'aa, kweli, lakini hadena yake ina kemikali inayodhuru mapafu, na barakoa ya kitambaa haizuii chochote. Mpelekee fundi mwenye chumba cha kupulizia.

Asiye na kompresa asione ameachwa nyuma. Vanishi ya mafuta iliyochanganywa nusu kwa nusu na tapentaini, ikipakwa kwa kitambaa na kufutwa, tabaka sita hadi nane, moja kwa siku, inatoa kazi safi na haipauki kwa unyevu. Kwa mtu anayeanza tungeichagua hiyo. Tahadhari moja: matambara yenye mafuta hayo yakikunjwa na kurundikwa huweza kujiwasha yenyewe. Yatandaze nje yakauke ndipo uyatupe.

Rangi ya kupenyeza imeshika madoa

*Mwili wa seti yangu una vinia ya mbao yenye mawimbi juu. Nimepaka rangi ya buluu ya maji, sehemu nyingine imeingia, nyingine imekataa. (Msomaji, Ukerewe)*

Viwanda vingi hupaka sila nyembamba isiyoonekana kabla ya kufunga boksi, na gundi ya vinia nayo huvuja. Dondosha tone la maji: likikaa juu na kuviringika, hapo pamezibwa, likinywewa, pako wazi. Sugua kwa 240 kwa mkono, si kwa mashine, kwa sababu vinia hizo mara nyingi hazifiki hata milimita moja na ukiitoboa hakuna tiba. Kama baada ya kusugua kwa kiasi bado madoa yapo, acha kupigana na mbao. Changanya rangi kwenye laka yenyewe na uipulize juu kwa tabaka nyembamba. Mawimbi yatapungua makali kidogo, lakini rangi itakuwa moja.

Mwili wa mninga

*Mwili wa seti ulipasuka njiani, shingo na vifaa ni vizima. Huku kwetu mninga upo, mkongo upo, na mvule. Naweza kuchonga mwili mwingine? (Seremala, Sengerema)*

Unaweza, na kwa mkono wa seremala kazi hii si ngumu kuliko kabati. Swali ni uzito. Mwili wa seti za bei nafuu mara nyingi ni mbao nyepesi yenye kilo 400 na kidogo kwa mita moja ya ujazo, hivyo mwili mzima ni kama kilo 1.7. Mninga una kilo 640 hivi. Mwili uleule utafika kilo 2.5 au zaidi. Mkongo unapita kilo 3, na kulivaa gitaa hilo begani ibada nzima ni adhabu. Tungechukua mninga, kisha tungechimba vyumba viwili vitupu ndani na kufunika kwa ubao wa juu wa milimita 6.

Sifa kubwa ya mninga ni kwamba ukishakauka hautembei: haupindi wala kusinyaa ovyo. Lakini ukauke kweli. Kwa hewa tu, hesabu mwaka mmoja kwa kila milimita 25 za unene. Mvule nao ni mzuri, ila wakati mwingine una mawe ya chokaa ndani yanayokula patasi, na vumbi lake linawasha ngozi na kifua. Mbao za mafuta kama mvule na mtiki zifute kwa thina mara moja kabla ya sila, la sivyo laka inachelewa kukauka na kushika.

Vipimo usivyoweza kubahatisha ni viwili: kina cha mfuko wa shingo, milimita 16, na mstari wa katikati unaopita shingo, pikapu (vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi) na daraja. Vingine ni umbo, na umbo ni lako.

Inavuma mpaka niguse nyuzi

*Nimemaliza kuunganisha. Sauti ipo, lakini inavuma, na nikishika nyuzi uvumi unapungua. (Msomaji, Musoma)*

Kupungua ukigusa ni habari njema: nyuzi zako zimeunganishwa na ethi. Kama uvumi ungeongezeka ukishika, tungesema waya za jeki zimepishana. Pima kwa multimita kati ya uzi na ganda la jeki. Isome chini ya omu 2. Ikisoma zaidi, au isiposoma kabisa, waya unaotoka darajani kwenda mgongoni kwa poti ya voliumu (kile kifaa kilicho chini ya kitufe cha kuongeza sauti) umeachia au haujashika.

Hapo mgongoni kwa poti ndipo wengi wanaposhindwa. Ni bamba la chuma linalonyonya joto, na pasi ya kulehemia ya wati 25 haitoshi. Tumia ya wati 40 au zaidi, kwaruza kwa msasa mpaka chuma king'ae, weka risasi kidogo peke yake, kisha leta waya. Sekunde tano zitoshe. Risasi ikikaa juu ya bamba mfano wa tone bila kutandaa, haijashika, hata kama haing'oki kwa kidole. Tumia risasi ya mafundi redio yenye dawa yake ndani. Dawa ya tindikali ya kulehemia mabati itakula waya.

Uvumi utakaobaki ni wa pikapu zenyewe. Pikapu ya koili moja inanasa umeme wa gridi, ambao ni mizunguko 50 kwa sekunde, na taa za kuokoa umeme zinaongeza. Ndiyo sababu Seth Lover wa kampuni ya Gibson alibuni pikapu ya koili mbili zinazofutana uvumi, akaiombea hataza mwaka 1955. Ukibadilisha kwenda huko, badilisha na poti: kilo-omu 250 ni kwa koili moja, 500 kwa koili mbili.

Napigwa shoti mdomoni

*Nikiimba huku napiga gitaa nililounganisha, maiki inaning'ata midomo. Mwenzangu kasema nikate waya wa ethi wa darajani. (Mwanakwaya, Buzuruga)*

Acha kulitumia hivyo leo, na waya wa darajani usiuguse. Gitaa halizalishi umeme wa kukung'ata. Tatizo ni ampi au mikisa kukosa ethi: soketi isiyo na ethi, ekstensheni ya waya mbili, au plagi iliyong'olewa pini. Zote mbili zichomeke kwenye ekstensheni moja yenye waya tatu, baada ya fundi umeme kuthibitisha kwamba ethi ya jengo inafanya kazi. Kabla ya kuimba, weka multimita kwenye volti za AC, ncha moja kwenye uzi, nyingine kwenye wavu wa maiki. Inatakiwa isome karibu na sifuri.

Freti zinalia

*Uzi mnene unakwaruza kwenye freti za kwanza tatu nne. Nimepandisha daraja mpaka vidole vinauma, bado. (Msomaji, Nyegezi)*

Rudisha daraja chini, kosa haliko huko. Kukwaruza kwenye freti za mwanzo mara nyingi kunatokana na shingo kunyooka kupita kiasi. Tafuta fila geji kwa fundi pikipiki, zile bapa anazopimia vali. Bana uzi mnene kwa kapo (kibanio cha nyuzi) freti ya 1, ubonyeze kwenye freti ya 17, kisha pima mwanya juu ya freti ya 7 au ya 8. Iwe milimita 0.2 hadi 0.3. Kama uzi unagusa, legeza chuma cha ndani ya shingo robo mzunguko kinyume cha mshale wa saa, kaza nyuzi upya, acha mpaka kesho, pima tena. Usizungushe zaidi ya robo kwa mara moja.

Kama ni freti moja tu inayolia, chukua ukingo ulionyooka wa bamba fupi la chuma, uulaze juu ya freti tatu mfululizo. Ukicheza, ya katikati imeinuka. Igonge taratibu kwa nyundo ya plastiki kwanza, pengine haijakaa. Ikigoma ndipo uisugue kwa tupa.

Shingo ikishakaa sawa, weka kimo cha nyuzi juu ya freti ya 12: milimita 2 uzi mnene, 1.6 uzi mwembamba. Mwisho kizingiti. Bonyeza uzi kati ya freti ya 2 na ya 3. Juu ya freti ya 1 ubaki mwanya wa karatasi moja. Seti nyingi huja na mifereji isiyochimbwa vya kutosha, ndiyo maana kodi ya F inauma na kutoka na sauti ya juu kuliko inavyotakiwa.

Mafupi

*Nikitiuni nyuzi zikiwa wazi ziko sawa, nikipiga juu ya freti ya 12 zinapanda. (Bukoba)* Rudisha kitandiko cha uzi huo nyuma, kidogokidogo, mpaka noti ya freti ya 12 ilingane na sauti ya kengele unayoipata ukigusa uzi palepale bila kubonyeza. Fanya hivyo na nyuzi mpya. Za zamani hazilingani hata ufanyeje.

*Nyuzi zinateremka kila baada ya wimbo. (Bunda)* Mizunguko miwili au mitatu kwenye ufunguo inatosha, ikishuka chini bila kupandana. Vuta kila uzi kwa mkono, tiuni, rudia mpaka usiteremke. Paka unga wa penseli kwenye mifereji ya kizingiti.

*Ndugu yangu ananiletea ampi kutoka Marekani. Nichomeke tu? (Pasiansi)* Usichomeke kabla ya kusoma mgongoni mwake. Ikiandikwa volti 120 peke yake, umeme wetu wa 230 utaiunguza mara moja. Inahitaji transfoma ya kushusha yenye wati zaidi ya zile ampi inazokula, si zile inazotoa kwenye spika.